Ndigana ya Kila Wiki Tatu

Ikiwa kuna jambo lililomchosha Rozina hapa duniani, basi ni kuwaambia watu kwamba si kila joto ni homa. Miaka kumi na saba alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya akina mama huko Kirumba, akiwafundisha wanawake kujipima alfajiri kabla hawajaondoka kitandani. Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kama nusu nyuzi na kubaki huko juu mpaka karibu na hedhi. Somo jepesi. Lakini hakukosekana mwanamke wa kurudi akijikuna mwili mzima kwa klorokwini, dawa ya malaria: mumewe alikitazama kipimajoto, akaona kimepanda, akakimbilia dukani.

Mwaka tisini na tatu wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Kiinua mgongo chake akanunulia ng'ombe mmoja wa maziwa, akamwita Neema, akamjengea banda nyuma ya nyumba yao Nyegezi. Maziwa yale ndiyo yaliyolisha nyumba, kwa kuwa mumewe, Nathaniel, hakuwa na kazi. Sasa yalikuwa yanakauka, Neema hashiki mimba, na mchinjaji mmoja aitwaye Shimba alikwisha kuja mara mbili kumkagua.

Daktari wa mifugo wa serikali alikuwa haonekani tena. Biashara ilikuwa huria, na mwenye duka la dawa za mifugo pale karibu alikuwa Josephat, bwana ambaye mwaka uliotangulia tu alikuwa akiuza viatu vya mtumba. Kila Neema alipogoma kula na kulia kutwa, Nathaniel alimfuata. Josephat alipima, akasoma nyuzi thelathini na tisa na ushee, akatikisa kichwa, akasema ndigana, ile homa ya kupe, akachoma sindano. Kesho yake ng'ombe anakula vizuri, na Josephat anasifiwa mtaa mzima.

Mwezi wa nne uvumilivu ukamwishia Rozina.

"Josephat, ndigana inafika arobaini na kupita. Na tezi zilizovimba ziko wapi? Nionyeshe."

"Shikamoo, mama. Hii bado ni ndigana ya mwanzo mwanzo."

"Marahaba. Tarehe tatu Machi ndigana. Ishirini na nne ndigana. Leo kumi na nne Aprili ndigana. Ugonjwa gani huo unaojua kuhesabu wiki tatu? Huyu anataka dume. Kesho anapoa mwenyewe, umchome usimchome."

"Mama Odeta," Nathaniel akaingilia, "mwenzio anaijua kazi yake."

"Anajua viatu."

Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Nathaniel alisema amechoka na ng'ombe wa kuugua. Akiugua tena, siku hiyohiyo anamwita Shimba. Rozina aliumia, maana alijua Neema ni mzima kuliko wote waliosimama pale bandani.

Akahesabu: tarehe tano Mei. Kuanzia mwisho wa Aprili alimpima kila alfajiri, kama alivyowafundisha wanawake wake. Thelathini na nane na nusu, vilevile, vilevile. Tarehe tano ikasoma thelathini na tisa na pointi tatu, na Neema akaanza kulia. Nathaniel hajaamka bado. Rozina akafunga kitenge kiunoni, akashika kamba, akampandisha kilimani hadi kwa mzee Luhaga mwenye dume. Waliomwona mama mzima akikokotana na ng'ombe asubuhi ile walicheka, naye akawaacha wacheke.

Saa nne walikuwa wamerudi, Neema anatafuna majani. Josephat, aliyekuwa amesikia kilio cha alfajiri kutoka dukani kwake, alikuwa anamsubiri, akamchoma sindano "ya tahadhari". Rozina hakuwa na nguvu za kubishana, na dawa ile isingemfukuza ndama.

Wiki tatu zikapita, kimya. Tatu nyingine, kimya.

"Unaona?" Nathaniel akasema. "Ile sindano ya mwisho ilikuwa kali."

Rozina aliingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Basi.

Februari, tumbo la Neema likiwa limeshuka, Nathaniel alianza kupima mwenyewe kila asubuhi. Siku moja akatoka bandani mbio.

"Amepoa! Jana alikuwa thelathini na tisa, leo thelathini na nane. Anakufa huyu."

"Baba Odeta, hushuka hivyo siku moja kabla ya kuzaa. Kaa hapa unisaidie."

Alikuwa ameshafika barabarani. Josephat alikuwa amesafiri kwenda Magu, na Nathaniel akamfuata hukohuko. Walirudi kesho yake mchana, wametota jasho, wakamkuta Neema akimlamba ndama jike aliyekwisha simama. Rozina alikuwa amekaa kwenye kigoda, damu mpaka kwenye viwiko.

Nathaniel alimsogelea ndama kwa furaha, akampapasa shingo. Uso ukambadilika.

"Josephat, hebu mguse. Huyu naye mbona ana joto?"

Josephat akaanza kufungua mkoba. Rozina akainuka, akampokonya, akauweka juu ya kigoda na kuukalia.