Haipo, Mara Kumi na Nane

Kule maabara wanamwita Mama Mizani, kwa kuwa hupima kila kitu mara mbili, na wenzake humtania kwamba hata chumvi ya mboga kwake huipima kwa miligramu. Kwa miaka ishirini na miwili ameketi kwenye chumba kisicho na dirisha, akisubiri mistari ipande kwenye kioo cha mashine.

Kazi yake ni kukamata dawa zilizojificha. Huletewa pakiti za unga zilizoandikwa "mizizi tupu", naye hutafuta kama ndani mmetiwa ile dawa ya nguvu za kiume inayotolewa kwa cheti cha daktari. Unga wa pakiti moja ya kijani haukuwa na dawa hiyo. Ulikuwa na ndugu yake, dawa ileile iliyogeuzwa kidogo. Mstari mmoja ulipanda juu, na hatua mbili pembeni ukasimama mwingine, theluthi ya kimo chake, kama mtoto aliyeshikwa mkono. Kemikali ya klorini husimama hivyo. Mtu fulani alikuwa ameibandika kwenye dawa halali ili isitambulike.

Akaandika hivyo. Mkuu wa maabara akamrudishia karatasi. Fomu, alimkumbusha, ina dawa kumi na nane kwa majina, na mbele ya kila jina visanduku viwili: ipo, haipo. Hii yake haina jina, wala hawana sampuli halisi ya kulinganishia.

"Sasa niandike nini?"

"Jibu ulichoulizwa."

Akatia alama ya haipo mara kumi na nane, akasaini. Siku hiyohiyo akaagiza sampuli.

Miezi miwili baadaye alikuta pakiti ya kijani kama ile mezani kwa kaka yake mkubwa, fundi saa mstaafu aliyeoa tena uzeeni, na ambaye moyo wake uliishi kwa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Akamweleza pole pole: unga huu na vidonge hivyo vikikutana, damu hushuka ghafla, na moyo husimama. Kaka alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa karatasi droo­ni. Muuza duka humpa kila mteja nakala ya fomu ile.

"Maabara yenu hiyo, mdogo wangu. Na saini hii nisiijue? Nani alikushika mkono ukajifunza kuandika jina lako?"

Akakiri kwamba ni yake, ila swali la fomu lilikuwa na kasoro. Kaka akacheka.

"Ulidanganya lini basi, siku ile au leo?"

Alizibeba pakiti zote. Kaka akanunua nyingine.

Alifia bafuni, Jumanne asubuhi. Daktari aliandika moyo, na haikuwa uongo. Wifi yake alipokuwa akipanga vitu vya marehemu alimkabidhi pakiti iliyobaki, akisema yeye ndiye anayejua mambo ya dawa.

Sampuli ilifika baada ya miezi kumi na mmoja. Aliilinganisha na unga wa kaka yake. Vililingana kama pacha. Jina likaongezwa kwenye fomu, la kumi na tisa. Wiki ileile ikaletwa pakiti mpya ya kijani. Mistari miwili ilikuwepo, mkubwa na mtoto wake, lakini imehamia pengine: klorini ileile, mwili wa dawa umebadilishwa kidogo.

Akatia alama ya haipo mara kumi na tisa. Kisha akaandika jina lake, herufi moja moja, kama alivyofundishwa.