Mama Ndani ya Fremu ya Maua

Mama yangu hacheki mbele ya kamera. Wala si yeye peke yake. Hakuna mtu wa umri wake huku kwetu anayecheka. Ukimwambia unataka kumpiga picha, anakwenda kwanza kunawa uso, anavaa kitenge cha kanisani, anakaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kisha anakutazama kana kwamba wewe ni hakimu na yeye hana hatia. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema picha si mchezo, picha inabaki. Wakati huo nilikuwa nasoma sosholojia na niliamini kila jibu la namna hiyo linastahili maswali mengine, lakini alikuwa ameshainuka kwenda kuchambua soya.

Soya ndiyo kazi yetu. Yeye anaishi Beni, kwenye joto, ambako mahindi na soya hukauka upesi. Anazikaanga, anazisagisha pamoja na mtama, kisha anapanda nazo gari kuja Butembo. Mimi naishi huko Butembo, mtaa wa Mususa, na mume, mtoto mmoja na shahada ya chuo kikuu. Kati ya hivyo vitatu, shahada ndiyo pekee isiyokula. Nafungasha unga katika mifuko midogo na kuuuza kama uji wa watoto.

Nilianza kuuza kwa simu kwa sababu ukiwa na mtoto anayenyonya huwezi kukaa sokoni kutwa nzima, na pia kwa sababu soko letu lina tabia ya kufungwa. Kila wanapouawa watu huko vijijini, mji unakasirika na kufunga maduka. Tunaita ville morte, mji uliokufa. Sijawahi kuelewa jinsi kufunga kibanda changu kunavyomtisha mtu mwenye panga aliye msituni. Nikiuliza, naambiwa nimesoma sana. Lakini simu haifungwi, nikawaza, na status ya WhatsApp haihitaji kibanda.

Mwanzoni niliweka picha za mifuko. Watu wakazitazama, simu inakuonyesha majina yao, mmoja mmoja. Hakuna aliyeagiza. Mwishowe mama mmoja akaniandikia: "Hii unga ni nani alitengeneza? Tunamujua?" Sikumlaumu. Tangu miaka ile ya Ebola, iliyoanzia upande wa Mangina ikatuzungukia sote, watu hapa hawapokei hata ndizi kutoka mkono wasioujua.

Mwanamume mmoja wa Kinshasa mwenye tai, ambaye video zake za biashara zilikuwa zikinimalizia mega za intaneti, alisema mteja hanunui kitu, ananunua uso. Nikatafuta uso. Wa kwanza kupatikana ulikuwa wa mwanangu, ana mashavu ya kutosha. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, akaiona picha kabla haijamaliza saa moja akaja kwa miguu.

"Unaonyesha mutoto ku macho ya muji muzima? Batamutupia jicho!"

Nikamuuliza jicho linapitaje kwenye kioo cha simu.

"Weye ulisoma," akasema. "Lakini jicho haikusoma."

Nikaifuta. Ukabaki uso wa Mama.

Nilimpiga picha uani kwake Beni, nilipokwenda kumsalimu. Kitenge cha kanisani, kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kile kikombe cha uji nilichomlazimisha kukishika akakiweka chini kabla sijabofya. Nyuma yake kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba chupi za kaka yangu zikipepea kwa fahari. Huwezi kuuza uji wa watoto na chupi za kaka yako. Nikapata programu ya simu inayofuta kilicho nyuma ya mtu. Ikafuta vizuri, ikaacha weusi mtupu. Nikaona unatisha kidogo, nikatafuta fremu ya kuuchangamsha. Fremu zote nzuri zilitaka malipo. Ya bure ilikuwa moja, ya maua meupe.

Nilichagua kuirusha asubuhi ambayo Mama alikuwa anakuja na magunia, ili maagizo yamkute unga umefika. Alinipigia alfajiri.

"Niko ku parking. Gari iko najaza. Utaniona muchana."

"Uache simu wazi, Mama."

"Nafunga. Isikule batri bure."

Mpango wangu ulikuwa wa kitaalamu. Picha ya kwanza ingekuwa Mama peke yake, bila neno, ili watu wajiulize. Ya pili ingekuwa Mama pamoja na maelezo: uji wa nini, unapatikana wapi. Nikaiweka ya kwanza kwenye status, na hiyo hiyo kwenye profile. Zikaenda. Ya pili ikaanza kuzunguka, ikazunguka, mega zikaisha. Nikaitupa simu kitandani, nikaenda kumwogesha mtoto.

Huku kwetu kuna kanuni ambayo hakuna aliyeiandika: mtu akiweka picha ya mzazi wake bila neno lolote, mzazi huyo amekufa. Mzazi aliye hai anakaa nyumbani kwake, hana sababu ya kuwa kwenye status. Miaka hii ya vita imetufundisha kusoma hivyo. Kuna asubuhi unafungua simu unakuta status zote ni nyuso, watu waliokaa wima wasiocheka, na kabla redio haijasema chochote unajua kwamba wauaji wameingia tena mahali fulani. Niliijua kanuni hiyo kama kila mtu. Siku hiyo nilikuwa nikimfikiria yule wa tai.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu muuza makaa. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kama tunavyokwenda msibani, akautupa mlangoni, akanikumbatia mimi na mtoto na povu la sabuni.

"Wuu! Mama yetu! Mama yetu aliyekuwa anatupatia unga!"

"Mama wangu iko muzima," nikamwambia. "Ile picha ni publicité, ya kuuzisha uji tu."

Akanitazama kwa huruma iliyoniudhi.

"Njo vile vile, mukwetu. Hata mimi, bwana yangu alipokufa, nilikuwa nasema iko ku kazi."

"Asubui tulisemezana naye!"

"Mushituko," akamweleza mwanamke aliyekuwa akiingia nyuma yake na kuni zake. "Haijamuingia mu kichwa. Mumulete maji."

Nimeshinda midahalo ya chuo. Nimewahi kumfanya padri apoteze uzi wa mahubiri. Lakini jaribu wewe kuwashawishi wanawake wanne wenye kuni kwamba huna msiba. Nilipokana, walilia. Nilipocheka, walilia zaidi. Shangazi alipofika hakuniuliza hata swali. Alianza kutoa viti nje na kutandika mikeka, kwa sababu yeye msibani huwa jenerali. Wanaume wakafunga turubai, wakawasha moto uani. Mtu akaleta sufuria kubwa, mwingine maharagwe. Mtoto wangu alikuwa akipokezana mapaja, akifurahi sana.

Kisha mume wangu akarudi kutoka shuleni. Ni mwalimu, serikali ilimtuma kwetu kutoka Kasai, na ndiye mtu mtulivu kuliko wote ninaowajua. Aliona moto, akaona turubai, akaketi juu ya rundo la kuni na mikono yake yenye chaki, akaanza kulia kwa sauti.

"Bokilo! Bokilo na ngai!" Yaani mkwe wake.

Nikamvuta kando. "Papa, nani alikuambia Mama amekufa?"

"Sasa ule moto ni wa nini?"

"Ni wa picha! Niliweka picha!"

Akajifuta machozi, akafikiri kama mwalimu. "Basi mupigie."

Nilikuwa nimeshapiga. Simu ilikuwa imefungwa, kama alivyosema ataifunga. Nikachukua simu ya mume wangu, yenye mega, ili niwaandikie watu wote kwamba ni kosa. Na humo nikamkuta Mama akinisubiri. Picha ilikuwa imezunguka magroup yote na kurudi, maua yale yale, sasa na mshumaa ambao sikuuweka na maneno ambayo sikuyaandika: kwamba mama huyu ameuawa leo asubuhi kwenye barabara ya Beni-Butembo, kwamba gari limechomwa, tumwombee.

Nilicheka kwanza. Kweli nilicheka. Chuo kilinifundisha kufuata habari hadi chanzo chake, nikaifuata. Niliyemuuliza alinipeleka kwa aliyemtumia, huyo kwa mwingine, hadi mtu mmoja akanijibu kwa sauti ya upole: "Nilitoa ku status yako, dada. Pole sana."

"Na barabara? Na gari? Hiyo sikuandika."

"Ah. Hiyo, banasema tu."

"Banasema ni nani?"

"Batu."

Hapo kicheko kilinikauka. Sehemu ya habari ile ilikuwa yangu, nilijua jinsi nilivyoitengeneza, na fremu yake ya bure. Lakini gari lililochomwa halikuwa langu. Lilitoka wapi? Huenda mtu mwenye kiherehere alilibuni ili picha ipate maelezo. Na huenda gari lilikuwa limechomwa kweli, watu wakaunganisha tu na uso waliokuwa nao mkononi. Kutoka nilipokuwa nimeketi, habari hizo mbili zilifanana kabisa. Nikapiga tena. Imefungwa.

Shangazi alikuja akachuchumaa karibu yangu, sauti ya chini sasa.

"Alikuambia atafika saa ngapi?"

"Muchana."

Akalitazama jua, nami nikalitazama. Lilikuwa limeshavuka paa la jirani na kuanza kushuka. Gari linaloondoka Beni asubuhi, hata bovu, hata lenye mbuzi, linafika kabla ya hapo.

Sikusema tena neno publicité. Muuza makaa akanisogezea nafasi kwenye mkeka na nikaketi. Baada ya muda niligundua kwamba mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wangu na kwamba sikuwa nimeuondoa. Wanakwaya wa kanisa letu walikuwa wamefika, wakaanza kuimba. Mimi huwa nakosoa uimbaji wao. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, nikibofya namba ile ile, na kila ilipokataa nilijisemea kwamba amefunga tu, isikule batri, isikule batri.

Pikipiki ilisimama mlangoni wimbo ukiwa katikati. Nyuma ya dereva alikuwa Mama, mwekundu kwa vumbi, na gunia mbele yake. Muuza makaa alimwona kwanza. Hakupiga kelele, aliinuka na kutoka kwa mlango wa nyuma bila viatu, na nasikia alifika hadi kanisani.

Mama hakutuona sisi. Aliuona moto, turubai, mikeka. Akaliachia gunia likaanguka.

"Mutoto!" alipiga yowe ambalo bado linaniamsha. "Mutoto iko wapi? Munipatie mutoto!"

Alipita juu ya sufuria, juu ya miguu ya wanakwaya, akamnyakua mwanangu kutoka paja la mtu, akamgeuza huku na huku, akamnusa kichwani. Ndipo akakaa chini na mtoto akilia mikononi mwake.

"Sasa ni nani?" akauliza. "Ni nani alikufa?"

Watu wote wakanitazama mimi.

"Ni weye, Mama."

"Mimi?"

"Njo vile."

"Nilikufia wapi?"

Nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alijitazama muda mrefu.

"Na hii maua?"

"Ilikuwa ya bure."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, kisha mume wangu, kisha wanakwaya, kicheko cha watu waliochoka. Mama hakucheka. Alifungua gunia lake, akaomba maji, akaweka uji kwenye moto wa msiba wake mwenyewe, kwa sababu watu wamekuja na hawawezi kuondoka na njaa. Alipokuwa akikoroga alitaka kujua nani alilia sana na nani hakuja. Mwenye butiki ya pembeni hakuja. Alilikumbuka hilo.

Nikamuuliza kwa nini alichelewa. Alikuwa akitoa kijiwe kwenye maharagwe ya mtu.

"Kulikuwa gari ingine mbele yetu," akasema. "Askari bakatusimamisha ku barrière, bakafunga njia. Tukaona moshi." Akakitupa kijiwe. "Ilikuwa mbele yetu tu."

Nikakaa karibu yake, nikaanza kuchambua maharagwe naye.

Unga wote ulikwisha juma lile, hilo siwezi kulikana, ingawa sitamwambia yule wa tai. Nilitaka kuifuta ile picha. Mama akakataa, akasema ametoka vizuri, niiweke akiba. Lakini yeye amebadilisha jambo moja: hafungi tena simu njiani. Kuandika kumemshinda, kwa hiyo ananitumia picha. Dari ya gari. Bega la dereva. Kidole gumba chake mwenyewe, kikubwa kama mlima. Mguu wa mbuzi. Naziweka kwenye status jinsi zilivyo, bila fremu, na watu wananijibu: amefika barrière? Amepita ile kona? Uniwekee mifuko yangu.

Siku ambayo picha inachelewa, hakuna anayeagiza. Naketi na mtoto mgongoni, nikiangalia majina ya watu wanaofungua kile kidole gumba cha zamani, wanafunga, kisha wanarudi kukifungua tena.