Mpini Ulioshikwa na Watano

Kazini walimwita Bi Ngoja, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila chombo kipya kilipoingia katika maabara ya uchunguzi wa jinai, yeye ndiye aliyekipima kabla hakijaaminiwa, na wenzake walipokuwa tayari wanapiga makofi, yeye alisema, "Ngoja kwanza." Hebu fikiria alivyompendeza mkuu wake!

Safari hii kilichokuja kilikuwa programu ya simu. Mashine kubwa ikishasoma vinasaba vilivyochukuliwa kwenye kisu au kitasa, programu inachukua michoro yake na kumwambia mpelelezi, huko huko aliko, kitu hicho kimeshikwa na watu wangapi, na kama mshukiwa ni mmoja wao. Bi Ngoja aliijaribu kwa walinzi, wafagiaji, madereva, hata kwa mkuu mwenyewe. Ikapatia kila mara. Mkuu hakushikika kwa furaha. Alitaka mwisho wa mwezi iwe kwenye simu ya kila mpelelezi.

"Hatujaijaribu kwa ndugu wa tumbo moja," Bi Ngoja akasema.

"Mama wewe! Ni ndugu wangapi watashika kisu kimoja?"

"Kisu sijui. Ila mlango wa nyumbani wanaushika wote. Programu ikikosea hesabu hapo, atakuja kulala ndani mtu asiyejua hili wala lile. Na sahihi ya kuipitisha ni yangu."

Mkuu akashusha pumzi, akampa wiki moja.

Ndugu wa karibu kuwapata walikuwa wake mwenyewe. Karibu, nasema, lakini we! Walizaliwa watano, baba mmoja mama mmoja, na tangu walipomzika mama yao hawakuwahi kukaa wote chini ya paa moja. Ugomvi haukuwepo. Ni shughuli tu, kila mtu na zake, na salamu za simu zinazoisha kabla hazijaanza.

Kaka mkubwa, fundi bomba, alipoambiwa habari ya vinasaba aling'aka. "Mnipime mimi? Kwani nani kasema nini?"

"Hakuna aliyesema kitu, Kaka. Ni kazi yangu."

"Haya. Lakini nikigundua mliniokota, msije kuniomba niwazibulie masinki."

Dada mshonaji alikuwa amezama kwenye nguo za wateja hadi shingoni, mdogo wao dereva wa lori yuko safarini, na kitinda mimba, muuguzi, alisema yuko njiani huku bado anaoga. Jumamosi wakafika wote. Bi Ngoja akawaweka sebuleni, akavaa glavu, akatoa nyundo mpya aliyokuwa ameisafisha kwa dawa.

"Kila mmoja aukamate mpini na kuukamua sawasawa. Na mimi nitashika bila glavu."

"Dereva asishike," dada akasema. "Mikono yake imejaa grisi, mtaambiwa imeshikwa na lori."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mpini ulizunguka, wakataniana, wakakumbushana viboko vya mama, na kazi ya dakika chache ikawaweka hapo mchana kutwa. Kitinda mimba aliondoka wa mwisho, tena kwa kusukumwa.

Sampuli ikaenda maabara. Siku ya majibu Bi Ngoja alimwita mkuu wayaone pamoja, maana alitaka akikosea aaibike mara moja yaishe. Programu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: watu wawili.

"Wameshika wangapi?" mkuu akauliza.

"Watano."

Mkuu akavuta kiti akakaa. Hakubisha wala hakutafuta visingizio, na hapo tumpe haki yake. Alipiga simu kwa walioiunda programu, akawaambia haitoki maabara mpaka ijue kuhesabu ndugu. Kisha akamgeukia Bi Ngoja, akampa mkono, akasema, "Umeniokoa, mama." Bi Ngoja alirudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Akakuta wanne wale wamejaa sebuleni kwake. Hakuwaita. Eti wamekuja kusikiliza majibu.

"Imesema tuko wawili," akawaambia.

"Wawili!" dereva akaruka. "Watatu tumefutwa? Nani kafutwa?"

"Ni huyu," dada akamwonyeshea kidole. "Siku zote nilijua hayupo."

"Hakuna aliyefutwa. Nisikilizeni. Kwenye kila sehemu ya vinasaba inayopimwa, kila mtu ana alama mbili, moja kapewa na baba, moja na mama. Baba alikuwa na zake mbili za kugawa, mama zake mbili. Hata tungezaliwa kumi, alama zetu zote zinatoka humo humo. Programu ilizikusanya, ikaona zinatosha watu wawili, ikaishia hapo."

Kitinda mimba alikuwa mtoto mchanga baba yao alipofariki, na sura yake anaijua kwa picha tu. Akauliza polepole, "Kwa hiyo hao wawili iliowahesabu..."

"Ni baba na mama. Ndio waliokuwa kwenye mpini."

Dada akajifuta macho kwa kanga ya begani wala hakujificha. Dereva, mwenye maneno kuliko wote, alikuwa anatazama mikono yake.

"Na angeshika mmoja wetu tu?" kitinda mimba akauliza tena.

"Ungepata nusu ya baba na nusu ya mama, basi. Kila mmoja wetu alibeba vyake. Tukiwa watano wanakaribia kutimia. Akikosekana hata mmoja, kuna alama zao zinapungua."

Kaka mkubwa, aliyesimama mkavu kwenye mazishi yote mawili, alikohoa, akakohoa tena.

"Jumamosi ijayo mnakuja kwangu," akasema. "Wote. Asikosekane mtu."