Asali Niliyoipima Leo Maabara

Sijala tangu asubuhi, na asali sitaki hata kuisikia.

Hadubini yetu ni ya kushirikiana. Watafiti wa hapa Tabora tunapeana zamu, na slaidi, vile vioo vidogo vya kuwekea sampuli, zinakaa kwenye boksi moja la wote.

Leo nikadondosha asali iliyotoka Kipalapala kwenye slaidi, niangalie chavua, nijue nyuki walitembelea maua gani.

Katikati ya chavua nikaona vitu bapa, vikubwa, vyenye kiini, na bakteria wamejaa juu yake.

Nikaita watu. Jamani, nilidhani nimegundua kitu.

Dada Zuhura, anayesimamia chumba, akachungulia kidogo tu.

"Hizi ni seli za mdomoni. Nani katema mate humu?"



Kisha Mzee Kulwa, mtafiti aliyenitangulia zamu, akasema kwa upole kabisa:

"Slaidi zilikuwa na vumbi, mwanangu. Nimekusafishia zote."

Akachukua slaidi nyingine atuonyeshe.

Akailamba. Akaifuta kwa shati. Akairudisha kwenye boksi.

Na huyu asubuhi nilimpa shikamoo kwa heshima zote. Mngekuwa ninyi mngemwambia nini?

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilishindwa.

Maana slaidi ya kwanza nilizidisha asali, ikabidi nichukue nyingine. Na sisi watu wa Tabora mnatujua, asali hatumwagi.

Ile ya kwanza niliilamba.