Kicheko, Dobi Aliyewavika Wasiomjua

Alizaliwa tarehe tisa Februari mwaka 1929, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mshona magodoro, juu ya godoro jipya ambalo mwenyewe alitarajiwa kulichukua asubuhi hiyohiyo. Baba alimwomba radhi mwenye godoro, naye, kwa hasira isiyofika mbali, akaliacha liwe zawadi ya mtoto. Mkunga alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto yule alicheka kabla ya kulia. Mimi ninayeandika nimelea wadogo zangu sita na najua kwamba watoto wachanga hawacheki. Ila nakiri kuwa tangu aliposimama kwa miguu yake hakuna aliyemwita kwa jina lake la ubatizo. Aliitwa Kicheko nyumbani, dukani, na hata na padri aliyempa komunyo ya kwanza. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka minne, akakulia katikati ya marobota ya sufi, na baba yake ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, mpaka alipojua kujisuka.

Magodoro makuukuu yaliletwa pale kujazwa upya, na kabla ya kulipasua kila moja baba alimwita binti yake alisome. Alimwonyesha palipolaliwa na bega, palipochimbwa na nyonga, na vile vishimo viwili vya visigino vinavyotaja urefu wa mtu kwa ukweli zaidi kuliko anavyoutaja mwenyewe. Akiwa na miaka kumi, Kicheko aliweza kusema, “Huyu mfupi, mnene, analala ubavu wa kushoto, na hana raha,” na mwenye godoro alipokuja kulichukua, baba na binti walitazamana wakaangua kicheko hadi mteja akajikagua vifungo.

Mwaka 1948, akiwa na miaka kumi na tisa, aliomba kupokelewa katika nyumba ya masista, kwa kuwa hakuna kitu alichokitaka duniani kama kuwa wa Mungu mzima mzima. Alisali vizuri, alilima vizuri, aliosha masufuria yaliyowashinda wengine. Kilichomshinda ni kula. Masista walikula kimya huku mmoja akiwasomea, na siku moja sista mpishi aliingia na bakuli la uji, shela lake amelivaa nyuma mbele, akitembea kwa heshima zote. Kicheko alijikaza, machozi yakamtoka, kisha kicheko kikamponyoka. Wanovisi wote, wanafunzi wa usista kama yeye, wakamfuata kwa kicheko. Hilo lilitokea mara tatu, kwa sababu mbalimbali, na mara ya tatu Mama Mkuu alimwita ofisini, akamshika mikono. “Binti yangu,” alisema, “Mungu hajakukataa. Kimya ndicho kilichokukataa.” Kicheko alirudi nyumbani akilia njia nzima. Baba yake alimpokea furushi, akasema, “Karibu, mwanangu. Magodoro hayadai kimya.”

Miaka miwili baadaye alipata kazi ya udobi katika hospitali kubwa ya mji. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya wodi ya wanaume: mapipa manne ya kuchemshia, meza mbili za pasi za mkaa, kamba kumi na mbili uani, na harufu ya magadi isiyotoka mikononi hata kwa ndimu. Alifanya kazi pamoja na mwanamke aliyemzidi umri kidogo, mwenye mdomo mkali na moyo laini, ambaye ndiye aliyenipa sehemu kubwa ya habari hizi. Mwanamke huyo anasema kwamba siku ya kwanza Kicheko alikunjua shuka chafu, akalitazama kabla ya kulitumbukiza, akasema, “Huyu kijana mrefu. Na usiku anapiga teke.” Mwenzake alidhani wameletewa kichaa.

Wito wake wa pili ulimjia alasiri moja ya mwezi wa Mei mwaka 1952, akiwa uani anaanika. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, akamsikia muuguzi mkuu akimwambia mgonjwa kwamba amepona na aende nyumbani. Mgonjwa akavuta shuka hadi kidevuni. Muuguzi akarudia. Ndipo mwanamume yule akasema kwa sauti ya chini, “Niende vipi, dada? Nguo zangu mlizikata kwa mkasi siku niliyoletwa. Nitoke na shuka kama maiti?” Alikuwa mgeni, mchimba visima aliyeangukiwa na udongo, asiye na ndugu karibu. Kicheko alisimama na vibanio mdomoni. Alisema baadaye kwamba aibu ya yule mtu ilimwingia kama vile yeye ndiye aliyevuliwa, na kwamba hajawahi kumjua Mungu kwa karibu kama alivyomjua pale kambani.

Hospitali ilikuwa na utaratibu wake. Mashuka yaliyochakaa yaliwekwa kando bohari, na kila Jumamosi yalichomwa moto. Kicheko alichukua mawili, akayachemsha upya, akaenda nayo nyumbani, akashona shati na suruali kwa sindano ya baba yake. Kipimo alikuwa nacho tayari, maana shuka la mtu yule, lenye namba ya kitanda chake, lilipita mikononi mwake kila wiki. Kesho yake, mgonjwa alipokwenda kuoga, aliziweka nguo chini ya mto wake na kukimbilia mapipani. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyepona bila nguo alizikuta chini ya mto, na hakuna mgonjwa aliyejua zilikotoka. Mwenzake alimsuta: “Wewe mbona unajificha kama umeiba? Si usubiri angalau uambiwe asante?” Kicheko akamjibu, “Mtu katoka kuvunjika mguu, nimpe tena mzigo wa shukrani aubebe hadi kwao? Mwache aende mwepesi.”

Aliendelea hivyo miaka kumi na mmoja bila kukosea kipimo, na ndiyo maana kosa lake moja limekumbukwa mno. Mwezi wa Septemba mwaka 1963 alimshonea nguo fundi mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili akavunjika mguu. Kumbe wiki ile muuguzi alikuwa amembadilisha kitanda na mtu mwingine, aliyekohoa na kutaka upepo wa dirishani, na shuka alilolisoma Kicheko halikuwa la mwashi. Mwashi, mtu wa futi sita na zaidi, aliikuta chini ya mto suruali inayomfika magotini. Aliivaa hivyohivyo na kwenda kwa daktari kuaga. Kicheko alimwona kupitia mlango wa kufulia, akacheka hadi akakalia kikapu cha nguo chafu, halafu akaacha ghafla, kwa sababu mtu yule alikuwa anajivutavuta suruali na kutembea ameinamisha kichwa. Alimtuma mwenzake aichukue, “useme inarekebishwa.” Muda ulikuwa hautoshi na kitambaa kimekwisha. Kilichobaki kikapuni ni mapindo, zile kingo za shuka ambazo daima alizikata na kuzitupa motoni. Aliziunga miguuni kwa haraka, mwashi akavaa, akaondoka ameinua kichwa.

Mapindo yale yalikuwa na mstari mpana wa buluu, uliofumwa makusudi ili shuka la hospitali litambulike likiibwa. Mwashi alifika njia panda, buluu ikimzunguka vifundo vyote viwili, na askari aliyesimama pale akamkamata. Habari zilimfikia Kicheko kwa muuza maji wa langoni. Alitoka mbio na aproni yake, povu mikononi, akaingia kituoni na kusema, “Afande, mwachie huyo. Mwizi ni mimi.” Mwashi alimkodolea macho, hakuwa amemwona maishani. “Mama, wewe ni nani?” aliuliza. “Mimi dobi tu, kaka. Nenda nyumbani taratibu, mguu wako bado mchanga.”

Aliitwa mkuu wa bohari kuja kutoa maelezo. Nisimwonee mtu huyu: alikuwa mwaminifu, hakuwahi kuchukua hata sindano ya hospitali, na kanuni ilisema mashuka yaliyochakaa yachomwe. Hakutaka Kicheko afungwe. Aliwaomba askari wayamalize, kisha palepale nje ya kituo akamwachisha kazi. Wenzake walidhani anahuzunikia mshahara, na kweli baba alikuwa mzee na macho yake yameanza kufifia. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine. Kwa mara ya pili mlango aliodhani Mungu amemfungulia ulifungwa usoni mwake, na vitandani walikuwapo watu ambao wangepona bila kuwa na kitu cha kuvaa. Alipiga magoti kwenye sufi na kusali kwa sauti, baba akimsikia: “Bwana, nilicheka, ukanitoa. Nikajificha, ukanitoa. Sasa unataka nifanyeje?” Kisha akainuka, akaanza kuchambua sufi. Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa na ukimya ambao haukuwahi kuwamo.

Wiki ya tatu, mkuu wa bohari alipita wodi ya wanaume kuhesabu mablanketi. Alikuta wagonjwa wapya wamelazwa chini sakafuni, na vitandani wanaume wameketi, mashuka mabegani, wanacheza drafti kwa vizibo vya chupa, wanataniana na kuomba uji uongezwe. Mmoja alikuwa akiimba. “Hawa wanaumwa nini?” aliuliza. Muuguzi mkuu, ambaye miaka yote alijua na akanyamaza, alisimama wima kama anatoa ripoti. “Hawaumwi kitu, bwana. Hawana suruali.”

“Wote?”

“Wote kumi na mmoja. Yule anayeimba alipona tangu wiki iliyopita. Nimemwambia aende. Anasema nimtangulie mimi nikiwa nimevaa kama yeye.”

Mkuu wa bohari alifunga daftari lake, akatoka. Ijumaa hiyo watu wa mtaa wa washona magodoro walimwona akija kwa miguu, tai shingoni, na mabunda mawili ya mashuka kichwani, yeye ambaye hakuwahi kubeba kitu kikubwa kuliko daftari. Aliyatua mlangoni, akajifuta jasho. “Haya yalikuwa ya kuchomwa kesho,” alimwambia Kicheko. “Mapindo nimeyakata mwenyewe. Kanuni tutaiandika upya mimi na daktari. Rudi, dada, nakuomba. Nimejaza hospitali watu wazima wasio na suruali.” Kicheko alijaribu kujibu kwa adabu, akashindwa, alicheka mpaka akajishika mlango, na mkuu wa bohari, ambaye mkewe mwenyewe hakumbuki kumwona akicheka, akacheka naye. Baba alitoka ndani akipapasa ukuta kuuliza kulikoni, na alipoambiwa alilia kwa furaha. Jumatatu Kicheko alikuwa mapipani. Aliweka sharti moja, kwamba wanaovikwa wasiambiwe nani kawavika, na likaheshimiwa.

Mwashi, aliyekuwa pekee kati ya waliovikwa aliyemfahamu, alirudi mwaka 1966 na mfuko wa saruji begani, akitaka kumpigia sakafu nyumba yake bila malipo. Kicheko alimshukuru akamwambia, “Sakafu yangu inanitosha. Nenda wodini, kitanda cha tatu kuna mzee hana wa kumwogesha.” Mwashi aliweka saruji chini, akaenda. Aliendelea kuja kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa, hadi alipofariki, kuwaogesha watu asiowajua, na saruji ile ikaishia kuziba mashimo ya chumba cha kufulia.

Kuhusu maajabu, nitasema ninayoyajua. Wapo wanaoapa kwamba nguo za Kicheko ziliwatosha hata watu aliowashonea kabla hawajaletwa hospitali. Wengine wanasema bunda la mashuka halikupungua mwaka ule wa mafuriko, wodi zilipofurika. Nilimuuliza mkuu wa bohari, akiwa amekwisha staafu, naye akanijibu kwamba alihesabu mara tatu na kila mara akapata arobaini, akaacha kuhesabu. Kanisa litaamua. Kwangu mimi ajabu iliyo wazi ni kwamba kwa miaka arobaini na miwili mwanamke mmoja aliwavika maelfu ya watu na kila asubuhi aliamka akiwa na hamu ya kuendelea.

Alifariki tarehe kumi na saba Agosti mwaka 1994, saa tatu asubuhi, akikunja mashuka makavu. Mwenzake alishika ncha mbili na yeye mbili. Alikuwa anasimulia jambo la kuchekesha, hakulimaliza. Kazi ya chumba cha kufulia haijasimama hadi leo, na wanaoshona humo ni saba, na nguo bado huwekwa chini ya mto mgonjwa akiwa bafuni.

Wanaoniuliza namna ya kumwiga huwa nawasimulia mazishi yake. Tulikuwa wachache, watu wa hospitali na majirani, kwa kuwa wale aliowavika hawakuwa na habari kwamba yupo. Padri, aliyekuwa mgeni parokiani, alisema kwa nia njema, “Kama yupo hapa aliyevikwa na dada huyu, asimame.” Hakusimama hata mmoja. Padri alisikitika, lakini dobi mwenzake alianza kucheka huku machozi yakimtiririka, na sisi sote tuliomjua marehemu tukamfuata, kwa maana ndivyo alivyotaka hasa. Tulipoanza wimbo wa kumshusha kaburini, sauti zetu zilikuwa nyembamba, na ghafla nyuma yetu ikatokea sauti moja nene, nzuri, iliyotubeba hadi mwisho. Alikuwa mwanamke wa makamo, kapu la mboga limesimama kando ya miguu yake. Padri alimwendea, akamuuliza alimjuaje marehemu.

“Simjui, baba,” alisema. “Nilikuwa napita tu. Nimesikia mko wachache, nikasema niwasaidie kuimba.”

Padri aligeuka kutuita tuje tumshukuru. Tulipofika, alikuwa amekwisha jitwika kapu lake na kushika njia.