Mwalimu Aliyekataza Daftari

Jina la Gogo alilipata darasa la tano. Mwalimu wa hesabu alimsimamisha mbele ya wenzake, akamtaka ataje jedwali la saba kwa kichwa, naye ulimi ukamganda. Alichapwa, akapelekwa kukaa nyuma, na jina likamng'ang'ania kama kupe. Gogo huyohuyo, nyumbani, aliifumua sketi ya shangazi yake, akakitandaza kila kipande sakafuni, kisha akaishona upya. Shangazi akaivaa kazini bila kujua.

Alikua na hasira yake. Akawa fundi cherehani wa kutajika, na alipofikisha miaka arobaini na miwili chuo cha ufundi kikamwajiri afundishe ukataji. Siku ya kwanza aliugeuza ubao ukatazama ukuta. Aliwaambia wanafunzi wake kumi na wanne kwamba daftari halishoni nguo; shikeni kitambaa, tazameni mikono yangu. Wengi walishika kazi upesi, naye akazidi kuamini kwamba njia ni hiyo moja.

Kati yao kulikuwa na mjane mmoja, mtu mzima kuliko wenzake. Aliomba vipimo viandikwe. Mwalimu akamjibu mbele ya wote kwamba anayetaka kuandika akatafute ukarani. Darasa likacheka. Mjane akaharibu mkono wa blauzi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, mwalimu akamwuliza kama mikono ile ni yake au ameazima.

Siku mbili mjane hakuonekana. Ijumaa alikuja na blauzi iliyokamilika, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Mwalimu aliigeuza ndani nje akitafuta kosa. Hakuliona. Akauliza nani kaishona, na mjane akatoa daftari: masomo ya miezi miwili, michoro na vipimo, vyote alivyokuwa akiviandika kila afikapo nyumbani, na pale alipokwama aliwauliza wenzake.

"Unatusimulia kila wiki ulivyochapwa kwa kushindwa kukariri," mjane alisema kwa hasira. "Mimi unanitukana kwa kutaka kuandika. Wewe na mwalimu wako mna tofauti gani?"

Mwalimu alitaka kumfukuza. Badala yake alitoka, akasimama kwenye varanda. Alimkasirikia mjane kwa ulimi wake. Akamkasirikia mwalimu wa hesabu, ambaye pengine alishazikwa zamani. Kisha wakamwishia wa kuwakasirikia, akabaki yeye.

Jumatatu ubao uligeuzwa. Kwa kuwa mwandiko wa mwalimu ulikuwa kama nyayo za kuku, alimwomba mjane aandike vipimo. Kijana aliyekuwa akishona huku akijisemea hatua kwa sauti akaachwa ajisemee. Na mwalimu akagundua jambo lililomuudhi zaidi: kwenye kola, hata mjane alitaka kushika na kuona; kwenye vipimo, hata wale wepesi wa mikono walinakili ubaoni. Miaka yote hiyo alikuwa akibishana kuhusu watu wanavyojifunza, kumbe na kazi yenyewe ina madai yake.

Aliomba radhi mbele ya darasa, uso umekunjamana kama anayemeza dawa chungu. Mjane aliitikia kwa kichwa, lakini hakutabasamu. Alifaulu mtihani, akaaga wenzake mmoja mmoja, na kwa mwalimu akatoa mkono tu.