Rafu ya Wombati Yabaki Tupu, Noelene Apumua

Saa tatu asubuhi Noelene Prewett anaegesha gari la maktaba mbele ya ukumbi wa Tarrawong, anashusha ngazi na kuipangusa vumbi kwa mkono. Watoto sita wanaikalia kabla hajasema karibu.

"Noelene, leo wombati anakwama shimoni?" anauliza Tilly, wa miaka mitano.

"Fungua uone. Akikwama, msukume matako!"

Mwaka wa ishirini na moja huu analizungusha gari hili milimani. Rafu ya chini, ya kimo cha mtoto, ina vitabu vya picha thelathini na kimoja, vyote vya wombati, mnyama wa huku kwetu Australia: mnene, mkaidi, mchimba mashimo, mwenye mfuko unaofungukia nyuma ili mchanga usimwingie mwanawe. Watoto huvisomea ngazini, huvirudisha, hukimbia zao. Hakuna kadi, hakuna kuandikisha.

Hapo ndipo walipomshika. Machi, halmashauri iliandika kwamba kompyuta haioni hata kimoja kilichoazimwa kwa miaka miwili. Baada ya wiki tatu, siku ya Ijumaa, angekuja afisa kuviondoa. Tunawajua hawa. Walipofunga posta yetu, walisema hakuna anayeandika barua. Walipoondoa basi, hakuna anayesafiri. Siku zote hatupo, mpaka siku ya kura.

"Kosa langu," anasema Noelene. "Nilidhani kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kitajitetea chenyewe."

Akapita shamba kwa shamba akiwaeleza watu waje waviazime kwa kadi. Alhamisi foleni ilifika barabarani, kila mtu na kadi yake. Wa mwisho alikuwa Clarrie Dunstall, mfugaji ambaye wombati wamemtobolea uzio tangu ujana wake.

"Wewe tena, mzee? Si unawatukana kila siku?"

"Nawatukana mimi, ni wangu. Hao wa mjini wamewajulia wapi?"

Ijumaa afisa alikuta rafu tupu, na kompyuta yao wenyewe ikisema vyote vimeazimwa. Akanywa chai, akaondoka mikono mitupu. Barua ya pili ilisema vibaki.

"Usiku ule nililala fofofo," anasema Noelene. "Wiki tatu nilikuwa sijalala."

Sasa anamwandikisha kila anayekaa ngazini, hata asiyejua kusoma. Na kabla hajastaafu, anataka watoto wachore kitabu cha thelathini na mbili, cha wombati wa hapa hapa.

Thelathini vimesharudi. Clarrie anakuja, hana kitu mkononi.

"Niongezee wiki mbili. Mjukuu hajamaliza."

"Mzee, unaishi peke yako na mbwa."

"Basi mbwa hajamaliza."

Noelene anamwongezea mwezi mzima.